Mlango wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Kabeza, Kigali
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa kaka Kamanzi,

Pokea salamu za nyumbani, na kabla sijakwambia lolote, nakuuliza hali. Mgongo umepoa? Wifi Umutoni bado wanampanga zamu za alfajiri kule hospitalini, au wameshamhurumia? Watoto je? Kwenye picha ya Pasaka nimeona Kenny amekupita bega, na Ishimwe ananuna vilevile ulivyokuwa unanuna wewe kule Karagwe ukinyimwa maziwa. Damu haifichiki.

Mimi sijambo. Kile kifua kilichonilaza mwezi wa sita kiliisha, na kazini Muhima bado ni kusimama nyuma ya kaunta kutwa nzima nikikata vitambaa mpaka vidole vinakufa ganzi. Habari za mama nitakueleza hapo chini. Nakuomba usirukie huko. Soma kwa mpango, kama mtu aliyekaa.

Kiangazi cha mwaka huu kimekuwa kikali. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa, na ndege zinazoshuka Kanombe tunazisikia tu bila kuziona vizuri. Mtama wa mama umekauka haraka. Ameuanika kwenye turubai mbele ya gereji, kama kila mwaka, na anaulinda dhidi ya kuku wa Christella, yule jirani yetu mwenye kiduka mkabala na geti letu. Umewahi kumwona kwenye simu, yule aliyekulia Bujumbura, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua siku hizi za simu. Natacha, binti wa mama mdogo, anaruka Jumanne kurudi masomoni huko kwenu Edmonton, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako mwenyewe. Kwenye simu siwezi kusema ninayotaka kusema. Nikikupigia, mama anainyakua simu kabla sijamaliza salamu. Nikikutumia ujumbe, unausoma ukitembea, unanijibu kwa kidole gumba, basi. Safari hii nataka ukae chini. Nimekukasirikia, kaka, na nakupenda, na nina hofu, na yote matatu yamo kwenye karatasi hii.

Ni habari ya ule mlango wa gereji uliomnunulia mama.

Sijui kama uliwahi kuambiwa jinsi mama alivyoupokea. Wewe ulimwona kwenye simu dakika kumi, ukakata. Walipomaliza kuufunga ile wiki ya Krismasi, mota ikiwa juu darini na yale macho mawili ya kutambua kilicho njiani yakiwa chini, moja kila upande, mama alisimama mbele yake akautazama ukipanda na kushuka mara nne. Kisha akatangaza kwamba mwanawe amempa ng'ombe. Sikumwelewa. Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka kazini nikakuta mitungi ya pombe ya mtama na majirani wamekaa kwenye viti vya kuazima. Alikuwa anafanya gukura ubwatsi, kaka, ile shukrani ambayo Mnyarwanda aliyepewa ng'ombe humpelekea aliyempa. Shukrani ya ng'ombe, kwa mlango! Simu yenye sura yako ilikuwa imesimamishwa juu ya kreti la soda, nawe ukicheka ukidhani ni karamu tu.

Nakukumbusha hilo kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Aliyepewa ng'ombe hasemi kwamba anapiga teke. Hata akimwaga maziwa kila asubuhi, utanyamaza, utamfunga kamba miguuni, na ukikutana na mwenye kutoa utasema ng'ombe ni mzuri, anaendelea vizuri. Mama alitukataza tangu siku ile, mimi na Christella na kila aingiaye hapa. Hakuna kumlalamikia Kamanzi kuhusu mlango.

Na mwanzoni hapakuwa na la kulalamikia. Gari hatuna, wewe unajua, gereji uliijenga kwa ajili ya gari utakalokuja nalo siku utakayorudi. Mama ameifanya ukumbi wake. Humo anachambua maharage, anapokea wageni, anakaa kizingitini jioni jua limpige goti lile bovu. Ulipoanza kuufunga mlango kutoka huko kwa simu yako, kila siku saa kumi na moja na nusu za kwetu, asubuhi za kwenu ukiwa kwenye chai, tulicheka tukashangaa. Mtu yuko Kanada na anafunga mlango Kabeza! Majirani walikuwa wanakuja kutazama.

Mimi niliyatunza macho yale kama ulivyoagiza. Kila Jumamosi nilipiga magoti, nikafuta vioo vyake kwa kitambaa laini kikavu, nikaondoa utando wa buibui, nikahakikisha kila jicho linatazamana na mwenzake na taa yake ndogo ya kijani inawaka bila kupepesa. Kisha naweka boksi la sabuni katikati ya njia, nabonyeza rimoti, mlango unashuka, unaliona boksi, unarudi juu. Nilikuwa nafurahi kuuona ukirudi. Nilisema huu una akili kuliko wanaume wengi niliowahi kuwajua.

Tatizo likawa jua. Gereji yetu inatazama magharibi, na kuanzia mwezi wa tano jua la jioni linaingia moja kwa moja kwenye jicho la kushoto mpaka linapofuka. Mlango ukishuka, unadhani kuna mtu, unarudi juu. Ndipo ulipoanza kupiga simu, kila ulipoletewa taarifa kwamba haukufungika. Mnaweka nini mlangoni? Nani amesimama hapo? Kwa nini hamsikii? Ulikuwa unafoka, kaka, usikatae. Lakini ulikuwa unapiga. Wiki nyingine mara tatu, nyingine mara nne. Mama alikuwa anazipokea simu zile kwa mikono miwili, anakuacha ufoke mpaka umalize, halafu anakuuliza kama umekula.

Juni nikalala na kifua. Wiki tatu nzima sikuinuka, na macho hakuna aliyeyafuta. Mlango ukakataa kila jioni. Mama akaona haya. Akasema haiwezekani mtoto afungiwe nje na nyumba aliyoijenga mwenyewe, akamwita Viateur wa kule Gikondo, yule anayefunga alarmu za magari, aje autengeneze usimkatalie tena. Mimi nilikuwa chumbani. Nilisikia nyundo, nikashukuru Mungu kwamba kuna mtu anashughulika.

Viateur aliyang'oa macho yote mawili kutoka chini. Akayatazamisha pamoja ndani ya kipande cha bomba la maji, akayazungushia selotepu nyeusi, akayafunga juu karibu na mota. Kaka, elewa vizuri alichofanya. Jicho linaliona jicho mwenzake, basi, na mlango unaambiwa siku zote kwamba njia ni nyeupe. Na kwa kuwa mlango ulikuwa unagoma pia ukigusa kapu au turubai, akaongeza nguvu ya mota ili kitu kidogo kisiuzuie. Mama akamshukuru, akampa na mtama.

Nilipopona niliuliza macho yako wapi. Mama akanijibu kwamba fundi ameyapandisha juu, huko yanaona vizuri zaidi. Nami nikakubali! Nilikuwa dhaifu, nilikuwa nimechoka, nikafurahi kwamba sitapiga magoti tena Jumamosi. Sikuweka boksi la sabuni hata mara moja. Hilo ni langu na ninalibeba, sitakubebesha wewe.

Mlango haukukataa tena. Nawe ukaacha kupiga simu. Sikulaumu kwa haraka, nilijua una kazi, nilijua una watoto. Lakini nenda kwenye simu yako utafute. Tangu tarehe ishirini na mbili Juni umempigia mama mara mbili tu.

Julai dalili zikaanza, na mimi naziita dalili leo, wakati ule niliziita bahati mbaya. Kwanza jerikani la lita ishirini lililosahauliwa njiani. Tulilikuta bapa, maji yametapakaa mpaka sebuleni. Kisha kuku wa Christella, yule mweupe, aliyeingia kudonoa mtama. Christella alimwokota bila kupiga kelele, na ukimjua Christella utaona kwamba hilo peke yake lilikuwa la kuogopesha. Aliniambia maneno ambayo nilipaswa kuyasikia.

"Dada Wini, mulango ya kaka yako haioni tena. Kuku iko kitu kidogo. Leo kuku."

Nikamwambia tutamwita fundi. Kesho, kesho kutwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumeyaficha ndani ya bomba la plastiki.

Sasa kaa vizuri.

Jumatano, tarehe sita mwezi huu, nilirudi saa moja jioni nikamkuta mama amelala mapema, mguu wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kitenge. Akasema amejikwaa. Kidole gumba kilikuwa kimevunjika na unyayo umechubuka mpaka nyama. Mtu hajikwai namna ile. Nilivuka barabara kwenda kwa Christella, naye akaniambia yaliyotokea.

Mama alikuwa kizingitini kwenye kigoda chake. Mlango ukaanza kushuka. Christella, akiwa dukani, alimwona mama hainuki. Akapiga kelele, "Mama, toka hapo! Mulango iko nashuka!" Mama hakugeuka. Goti lilikuwa limekaza. Mlango ukamfikia, akajitupa ndani ubavuubavu, kigoda kikabaki chini ya mlango na mguu wake ukabaki chini ya kigoda. Na ule mlango, kaka, haukurudi juu. Ulisimama hapo ukiunguruma na kusukuma. Kigoda cha mvule ambacho baba alikichonga kilipasuka vipande viwili. Kama kingekuwa cha plastiki, barua hii ningeianza kwa maneno mengine. Christella na motari wawili waliokuwa wanasubiri abiria juu ya pikipiki zao ndio waliouinua kwa mabega mpaka mama akavuta mguu.

Alipoona kwamba nimejua, mama hakulia kwa maumivu. Alinishika mkono akasema, "Winifred, usimwambie. Akijua ni mkono wake, hatalala tena maisha yake yote." Nikamwapia. Leo navunja kiapo hicho na najua ninachofanya. Heri ukose usingizi wewe.

Asubuhi yake, Alhamisi, kabla sijaenda kazini nilizima swichi ya mota ukutani. Nilijiona mwerevu. Nilirudi jioni nikamkuta mama amekaa gizani ndani ya gereji iliyo wazi, chakula cha mchana hakijaguswa, rozari mkononi, midomo mikavu. Mlango haukushuka, na taa za nyumba zilikuwa zinawaka, kwa hiyo alijua si umeme. Akaniuliza, "Walichokwambia utanieleza lini?" Nikamwuliza kueleza nini. Akasema, "Kwamba Kamanzi amekufa." Nilimpeleka kwenye duka la dawa lililo karibu, presha ilikuwa mia moja na tisini. Yule mwenye duka alitaka kuita gari la wagonjwa. Ndipo nilipokupigia, nawe ukasema uko kwenye mkutano, mlete mama nimsalimie. Dakika moja na nusu, kaka. Presha ikashuka kwa dakika moja na nusu.

Usiku huohuo nikakuandikia ujumbe kwamba mlango una hatari, mama anakaa karibu nao, tufanyeje. Sikusema juu ya mguu kwa sababu ya kile kiapo. Ukanijibu kwamba ni suala la matengenezo tu, tufute macho kwa kitambaa kikavu na tuhakikishe yanatazamana, na ukaniwekea video ya Mzungu aliyevaa glovu. Niliitazama mpaka mwisho. Kaka, yalikuwa yanatazamana.

Unaona basi nilivyobanwa. Nikiuzima, moyo wa mama unasimama. Nikiuwasha, siku moja mlango utamkuta. Niliwasha. Nikamwomba Christella awe anavuka barabara kila jioni kumvuta mama nyuma, na wakati mwingine anavuka, na wakati mwingine ana wateja.

Kilichobaki nilikiona kwa macho yangu Ijumaa hii, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, kwa kuwa hatukufanya kazi. Tulitoka misani, tukala, na ilipofika saa kumi na moja nikamwona mama anavaa. Alinawa uso, akafunga kilemba kile cha bluu ulichomletea mwaka ule ulipokuja kumzika baba, akabeba kiti, akaenda kukaa kizingitini. Si pembeni. Katikati, mguu mbovu ameunyoosha nje. Mimi nikasimama nyuma yake nijue anangoja nini.

Taa ya mota ikapepesa. Mlango ukaanza kushuka. Mama akainua mkono wa kulia juu, kiganja wazi, na ukingo wa mlango ulipomfikia akauweka mkono pale, akauacha utelemke pamoja na kiganja chake, polepole, namna anavyokushika kichwani ukimsalimia. Akasema, "Wiriwe, mwana wanjye." Jioni njema, mwanangu. Nilimvuta kwa mabega mlango ukiwa umebakiza kama urefu wa mkono. Akanikasirikia. Akasema namzuia kumsalimu mtoto wake, na kwamba akiondoa mkono mapema mno wewe utahisi.

Anaamini unahisi, kaka. Anaamini upande wa pili wa mlango ule kuna kidole chako, na kwamba kila siku ya Mungu unaacha kazi zako kumtakia jioni njema. Ndiyo maana hakai pembeni. Ndiyo maana siku ile hakugeuka Christella alipomwita.

Jana nilimleta Viateur. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini alipoona mguu wa mama alikaa chini. Alisema tu, "Mama alitaka mulango isimukatalie kijana yake. Mimi nikafanya vile mama anasema." Alifungua selotepu. Jicho moja ni zima, la pili kioo chake kimepasuka aliposhindilia ndani ya bomba, na la aina hiyo hapa Kigali hajalipata. Nguvu ya mota ameirudisha chini, lakini anasema mtu asiuamini mlango usio na macho, na mlango wenyewe mzito vile. Akaanza kutafuta namna ya kuuzuia usijifunge, akaunganisha kompyuta yake kwenye mota.

Akaniita nje. Akaniambia kwamba amri haitoki Kanada. Saa kumi na moja na nusu imeandikwa ndani ya mashine, kila siku, bila mwisho, tangu tarehe mbili Machi, na kuifuta kunataka namba ya siri ya mwenye mlango. "Hakuna mutu anabonyeza, dada," akasema. "Inajifunga yenyewe tu."

Nilikuwa nimeshika jicho lile lililopasuka, na nililishika sana mpaka likanikata.

Sikulaumu kwa kuweka saa, kaka. Mtu ana kazi, ana baridi, ana watoto wa kupeleka shule, na mlango lazima ufungwe. Ningekuwa wewe labda ningefanya vilevile. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wakubwa, nami nilikua nikiliamini hilo. Lakini hii yako ya mbali imevunja kigoda cha baba na kidole cha mama, na aliyeiinua hayupo hata upande ule wa pili. Miezi mitano na nusu mama anasalimiana na saa.

Sijamwambia. Sitamwambia. Sina moyo huo, na presha yake haina nafasi ya habari hiyo.

Viateur ameyarudisha macho ndani ya bomba, maana bila hayo mlango hautashuka na mama atadhani tena umekufa. Kuanzia kesho nimeomba likizo ya wiki moja. Nitakaa naye kizingitini kila jioni, nimshike mabega, avute mkono kwa wakati. Likizo inaisha Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili nitakuwapo. Jumatatu tarehe ishirini na tano narudi Muhima. Saa kumi na moja na nusu za Jumatatu hiyo nitakuwa nimesimama kwenye kaunta, Christella atakuwa na wateja wake, na mama atakuwa amevaa kilemba cha bluu. Natacha anafika kwenu Jumatano. Una siku tano, ukiondoa ya kusafiri.

Futa hiyo saa. Usiniambie utaangalia. Ukimaliza kusoma mstari huu chukua simu uifute, wifi Umutoni akuone ukiifuta. Kisha siku hiyohiyo, ikifika saa kumi na moja na nusu za kwetu, mpigie mama. Usimweleze mashine. Mwambie kwamba kuanzia sasa utakuwa unamsalimu kwa sauti, mlango tutaufunga sisi kwa mkono. Atakubali, kwa sababu ni wewe unayesema. Mimi nikimwambia atadhani namficha maiti yako. Na usipige siku moja. Ukipiga siku moja tu ni heri usipige kabisa. Macho mapya ukiyapata huko, mpe yeyote anayekuja, tutayafunga chini mahali pake, nami nitarudi kupiga magoti kila Jumamosi.

Maneno yamekuwa makali na sitayafuta. Mimi ndiye mdogo wako, na kama si mimi wa kukwambia, ni nani atakayekwambia?

Wasalimie wifi Umutoni, Kenny na Ishimwe, uwaambie shangazi yao anawakumbuka kila mtama ukianikwa. Mama mdogo anawasalimu. Christella anakusalimu, na anasema kuku hakudai. Mungu akulinde barabarani kwenye barafu yenu, aulinde na mgongo wako, na atupe sote siku zinazotosha mpaka Jumatatu ile.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Winifred

Nilikuwa naifunga bahasha, mama ameingia anachechemea, ameuliza namwandikia nani. Nimesema wewe, salamu tu. Amekaa kitandani kwangu, amefikiri, kisha ameniagiza niandike hivi kama anavyosema. Anakushukuru. Anasema watoto wa wenzake walioko mbali hupiga simu Krismasi na Pasaka, lakini wewe hujawahi kumkosa hata siku moja, isipokuwa ile Alhamisi, na hiyo ameshakusamehe.